Baba, Yale Mabishano Yetu ya Nabii Musa

Baba,

Arobaini yako ilipita juma lililopita. Mpunga wa bondeni tumeuvuna, mimi, mama na baba mdogo. Kona ya juu imeliwa na ndege, hapakuwa na mtu wa kuamia na kuwafukuza. Mama haongei. Ukimsemesha anakujibu, "Nimesikia," basi.

Sikukuzika. Ulifariki alfajiri. Nilipofika Kibiti nikitokea chuo nikaambiwa barabara ya Mohoro imekatwa na maji. Nikasimama pale stendi na begi langu mpaka alasiri, baba mdogo akanipigia: "Tumeshamstiri, mwanangu."

Lakini kinachoniua ni ile Idi yetu ya mwisho. Nilitoka chuo nimejaa masomo yangu ya historia. Wewe ukawa unawasimulia wageni jinsi Nabii Musa alivyowavusha watu wake baharini, nami nikadakia. Nikasema wachimbaji wa mambo ya kale wamepekua lile jangwa la ng'ambo ya bahari hiyo miaka na miaka, hawajaona hata kigae cha umati ule. Nikasema wataalamu wenyewe wanabishana: wengine wanasema lilikuwa kundi dogo tu, wengine wanasema halikutokea kabisa. Wageni wakainamia sahani zao. Ukaniuliza taratibu, "Na bibi yako aliyechukuliwa na mto? Mtu akitaka kuliona kaburi lake, utamwonesha nini?"

"Hiyo si hoja, baba."

Mama yako, yule. Nilisema hivyo juu ya mama yako mzazi.

Ulinawa mikono, ukatoka.

Juzi alikuja rafiki yako Mwalimu Yakobo, yule Mkristo aliyestaafu ualimu, uliyekuwa ukicheza naye bao. Kumbe tangu Idi ulikuwa unakwenda kwake kila Alhamisi akusomee habari za Musa katika Biblia yake, kisha akutafutie na maneno ya hao wachimbaji. Anasema ulimwambia, "Siwezi kumbishia mwanangu kitu nisichokielewa." Na siku moja ukacheka, ukasema, "Huyu mtoto kasoma kweli." Ulikuwa unajiandaa, ili nikirudi tukae tuzungumze.

Kwa nini hukunipigia, baba? Ah. Na mimi je? Simu ninayo. Miezi minne nilikuwa nasubiri uanze wewe.

Sitakudanganya hata sasa. Ushahidi bado siuoni. Ningekwambia vilevile, ila ningekaa ubavuni pako, nikuulize Mwalimu amekusomea nini, tubishane mpaka mama atufukuze. Sasa nina maswali kumi ya kukuuliza wewe, si ya kumuuliza mtaalamu yeyote.

Mwakani nitaanza kufundisha. Nakuahidi, mtu akinisimulia anachokiamini, nitamwacha amalize. Hata kama naona amekosea. Hata kama jibu ninalo mdomoni.

Kwaheri, baba yangu. Nisamehe. Mungu akurehemu, aipanue nafasi yako huko uliko.

Mwanao,
Mwanahamisi