Kapiteni Aliyesahau Kuomba

Baba yangu,

Wameniita. Televisheni ya serkle, ile klabu yenu ya watu wa reli, imetengenezwa, na Alhamisi wataonyesha hadithi mpya ya watu wa nyota, kwa Kifaransa kama zamani. Wazee wamekuja hadi mlangoni kwangu kuniomba nisimame pale ulipokuwa ukisimama wewe, niwageuzie maneno kwa Kiswahili. Nimewaambia nitafikiri. Ukweli ni kwamba nilitaka kwanza kuzungumza nawe, kwa sababu kuna swali uliloniuliza nikiwa bado msichana wa shule, nikakaa nalo miaka mingi bila jibu.

Kazi yako ilikuwa stesheni, kupokea na kutuma habari za treni, lakini hapa mjini Kindu walikujua zaidi kwa kazi ya Jumapili. Akija mhubiri kutoka Kinshasa au Kananga asiyejua Kiswahili, ulisimama kwenye bega lake la kushoto. Akiinua mkono, unainua. Akishusha sauti, unashusha. Akiwakasirikia walevi, wewe uliyekuwa huwezi kugombana hata na kuku wa jirani ulitukazia macho hadi tukaona haya kwa dhambi tusizozifanya. Na mgeni akiingia kwenye mahubiri bila salamu, au akimaliza bila kuwashukuru akina mama waliompikia, wewe uliongeza vyote hivyo: salamu kwa wazee, asante kwa samaki, pole kwa waliofiwa wiki ile. Mama alikutania siku moja kwamba mgeni kasema neno na wewe umesema ukurasa. Ukamjibu bila kucheka, kwa Kiswahili chetu cha Kindu:

"Mugeni amesahau heshima yake kwenye treni. Mutafsiri njo anamuletea."

Basi televisheni ilipofika serkle, haikumshangaza mtu kwamba ulisimama kushoto kwake. Sanduku lilizungumza Kifaransa, watu walikuwa hawakijui, kazi ni ileile. Wengi walikuja kwa ajili ya mpira na muziki. Sisi tulikuja Alhamisi jioni kwa ajili ya ile hadithi ya chombo kilichokwenda nyota za mbali, kikaharibika mtambo, na watu wake wakawa wanatangatanga huko juu bila kujua njia ya kurudi nyumbani. Wenzako wa reli walikipenda kwa namna yao. Walikiita treni ya juu, na kapiteni, yule mzee mwenye kuchechemea, walimwita mashinisti, kama dereva wa treni. Walibishana kwa dhati juu ya stesheni ya mbele iko wapi na kwa nini hakuna aliyetuma habari kwamba njia imefungwa.

Kila mwisho wa hadithi kapiteni alisimama dirishani, akatazama giza la nje na kusema maneno machache. Na wewe, Baba, ukainua mikono na kutafsiri: "Mungu, uliyetuona tukiondoka, utuone na tukiwa njiani. Hatuko peke yetu." Chumba kizima kiliitikia amina. Aliyeitikia kwa sauti kuliko wote alikuwa jirani yetu Mama Salama, aliyekaa mbele na kigoda chake na mtandio wake wa swala. Mwanawe wa kwanza alikwenda Punia kuchimba dhahabu, na tangu aende hapakuwa na barua wala mtu wa kusema amemwona. Hakuna aliyemuuliza kwa nini hakosi Alhamisi. Tulijua alikuwa anamsindikiza nani.

Nilipenda hata siku zile ulipopata shida. Unakumbuka chombo kilipotua kwa watu waliokuwa wakipigia magoti mashine kubwa inayosema? Kapiteni aliwacheka, akaivunja mashine yao, akaondoka. Wewe ulimfanya aombe radhi kwanza kwa wenyeji, kwa kuwa ameingia kwao bila hodi. Hadithi ikaisha, ikaja taarifa ya habari, na kama kila jioni uso wa Mkubwa wa nchi ukashuka kutoka mawinguni, polepole, na kofia yake ya chui. Sauti moja nyuma ikauliza na hii mashine yetu inayosema je, kapiteni ameipita bila kuiona? Kikohozi kikawashika watu wote kwa pamoja. Ulikuwa wa kwanza kuaga.

Halafu Kifaransa changu kikakua. Alhamisi moja nikasikia kwa masikio yangu anachosema kapiteni pale dirishani. Alikuwa anasema: hakuna anayetusikia, tuko peke yetu. Nilikungoja njiani kuelekea nyumbani, nimejaa elimu mpaka kooni. Nikakwambia kwamba watu wale hawana dini, kwamba walioandika hadithi wamemwacha Mungu duniani kwa makusudi, kwamba huko dini ni ya wale wajinga wa mashine tu, na kwamba mkalimani anapaswa kusema kilichosemwa. Nilifikiri utakasirika. Ulitembea kidogo, kisha ukasema:

"Mutoto wangu, muntu anaenda mbali vile na haombi? Basi haogopi. Na kama haogopi, hadisi iko wapi?"

Nilibaki na msimamo wangu, kama mwanafunzi yeyote aliyepata alama nzuri.

Msimamo wangu ukapata rafiki nisiyemtaka. Kijana wa Chama wa mtaa wetu, yule aliyevaa abakosti, lile koti la Chama lisilo na tai, hata kwenye joto la adhuhuri, alikuja serkle na mtu wake anayejua Kifaransa. Wiki iliyofuata akakuita mbele ya watu. Alisema shule hazifundishi tena dini, majina ya watakatifu tumeyaacha, na wewe unamwingiza Mungu kwenye televisheni ya Serikali ambako hakualikwa. Akakupa njia mbili. Kama ni lazima kuongeza, ongeza jina la Mwongozi wetu, yule wa kofia ya chui. La sivyo, neno kwa neno, au serkle itafunga mlango Alhamisi. Ukamwita mwananchi, kama tulivyoamriwa kuitana: "Citoyen, basi neno kwa neno." Hukuweza kulitia jina lile mahali palipokuwa pa Mungu, na nilijivunia hilo hata kabla sijajua ninajivunia nini.

Alhamisi ikafika. Kapiteni alisimama dirishani. Wewe ulisimama kushoto, mikono imelala kwenye suruali, na ukatafsiri sawasawa, kama nilivyotaka mimi, kama alivyotaka yule kijana: "Hakuna anayetusikia. Tuko peke yetu." Amina haikuwa na mahali pa kukaa. Mama Salama alingoja kidogo, akidhani bado hujamaliza. Kisha akainuka, akachukua kigoda chake, akatoka. Mpaka leo nikikumbuka mgongo wake mlangoni naumia.

Nyumbani hukula. Ulikaa uani, nikakuletea maji, ukaniuliza kwa upole, bila kunilaumu hata kidogo: "Wewe uliyesoma. Ungewaambia nini?"

Hilo ndilo swali, Baba.

Kesho yake ulikwenda kwa Mama Salama kumsimulia ile hadithi upya uani kwake, nami nikakufuata. Ikawa desturi yetu. Alhamisi serkle walipata maneno ya kapiteni, na Ijumaa baada ya swala, kwa Mama Salama, kapiteni alirudishiwa heshima na sala yake. Nilidhani ulikuwa unamfariji tu mama wa watu, kwamba ni uongo mtamu. Halafu siku moja hadithi ikaacha kuonyeshwa kabla ya kufika mwisho. Hatukujua kama chombo kilifika nyumbani. Na kutoka Punia hapakuja mtu.

Miaka ikapita, treni zikawa za kubahatisha, mshahara pia, kifua chako kikaanza. Asubuhi ile hospitalini alikuja daktari mgeni kutoka Kinshasa. Mama alikuwa miguuni kwako, Mama Salama kichwani, macho yako yamefungwa. Daktari alikupima, akaniangalia mimi na kusema kwa Kifaransa, kwa sauti ya mtu aliyechoka: hakuna tena cha kufanya, mpelekeni nyumbani. Akakunja kifaa chake. Mama akanigeukia. Mama Salama akanigeukia.

Sikupanga, Baba. Miguu ilinipeleka yenyewe kwenye bega la kushoto la daktari. Nikasema: "Daktari anawasalimu, mama zangu. Anasema dawa zake zimefika mwisho, na tumurudishe Baba nyumbani. Anawapa pole. Anasema Mungu aliyemuona Baba akianza safari anamuona na sasa. Hatuko peke yetu." Mikono yangu ilikuwa juu, sijui iliinuka saa ngapi. Mama Salama akasema amina. Daktari, asiyejua neno hata moja la Kiswahili, aliona vichwa vimeinama, akainamisha na chake. Nikamtazama, na nikaona kwamba sikumdanganya mtu. Alikuwa amebeba pole yake tangu Kinshasa, akashindwa kuitoa.

Wewe pekee pale kitandani ulikuwa umesikia lugha zote mbili. Ulifungua macho, ukanitazama kwa muda mrefu, ukasema:

"Eee. Njo vile wanatafsiraka."

Nimekukosa, Baba, kuliko ninavyoweza kuandika. Kesho nitawajibu wazee kwamba nitakuja. Mama Salama ameshaniomba nimwekee nafasi ya mbele kwa kigoda chake. Sijui watu hawa wapya wa nyota wanaamini nini, au kama wanaamini chochote. Wakifika dirishani wakasahau, nitakuwa pale kushoto kwao.

Pumzika, umefika.

Binti yako