Kipara Kisogoni mwa Mwanangu

Jumatatu, 3 Machi

Siielewi nyumba hii. Asubuhi koti langu lilikuwa ndani ya sanduku kubwa, juu ya Biblia. Mchana limerudi msumarini. Jioni — sandukuni tena! Nikamwuliza mkwe wangu, mama, mimi naenda au nabaki? Akasema, Baba, tumwachie Mungu. Sawa. Lakini anayekunja nguo ni yeye, siyo Mungu.

Mwanangu mchungaji anatumwa ng'ambo, umisionari. Yeye, mkewe na mjukuu wangu Kiroboto. Wanavuka bahari kuokoa watu wasiowajua hata kwa sura. Mimi nalala chumba cha pili, sijaokoka, wala hakuna aliyevuka korido!

Jumatano, 5 Machi

Koti msumarini.

Kiroboto ananifundisha salamu za huko. Ulimi umegoma. Kacheka mpaka kakaa chini. Babu, ukifika wewe nyamaza tu, utabasamu. Kumbe kwake yeye naenda!

Nisipoenda nahamia kwa dada yangu, anayelala chumba kimoja na kuku halafu anasema mimi ndiye ninayenuka. Hilo nitalizoea. Lakini huyu mtoto? Atarudi mrefu, ananipa mkono kama mgeni.

Ijumaa, 7 Machi

Makubwa!

Nimemnyoa mwanangu uani. Nilikuwa kinyozi kabla hajazaliwa, mkono haujasahau. Na raha ya kumnyoa mchungaji ni moja — ukishamfunga shuka shingoni, hahubiri. Nilipofika kisogoni akasema chini chini: shirika linalotutuma halipeleki mtu asiyeokoka. Nikasema, basi mwambie mkeo alitundike koti, tumalize. Akasema, nimeshawaambia umeokoka.

Mashine ikanichoropoka! Kipara pale kisogoni, upana wa kifuniko cha soda. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wewe! Wewe uliyenichongea kwa mama yako kila nikipitia kilabuni, eti huwezi kusema uongo!

Hakucheka. Nikaona mabega yanatikisika chini ya shuka. Nikampangusa nywele shingoni taratibu, kama alipokuwa mdogo.

Akasema, ningekuachaje, Baba?

Jumamosi, 8 Machi

Koti limo.

Amekuja mzee wa kanisa, yule niliyemnyoa siku ya harusi yake. Kesho ni ibada ya kuwaaga, na mimi nisimame nitoe ushuhuda jinsi nilivyookoka. Kifupi tu, akasema. Nikamjibu kitakuwa kifupi kuliko anavyodhani. Mkwe wangu akaangusha kikombe.

Nimejaribu mbele ya kioo. Bwana asifiwe, mimi zamani nilikuwa... Nikachekwa na uso wangu mwenyewe. Sijui ni nini kinanikwama. Maisha yangu yote nimewaambia watu wamependeza, na wengine walitoka pale kitini kama wameliwa na mbuzi. Uongo mmoja zaidi una uzito gani?

Unao. Sijui kwa nini.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Naandika gotini. Jirani yangu anadhani nanukuu mahubiri, ananipa tabasamu. Kwaya inaimba. Ikimaliza ni mimi.

Nikisema nimeokoka, napanda ndege. Nikisema kweli, nabaki — na yeye je? Watamtuma mchungaji aliyewadanganya? Hilo jana sikuliwaza!

Asubuhi niliomba. Mimi! Sikujua pa kuanzia, nikasema, Mzee, wewe unanijua, mimi nakusikia tu kwa watu. Hakujibu. Au alijibu nikiwa nakohoa. Sasa hiyo inahesabika? Mtu akiomba mara moja, kwa hofu, amevaa kiatu kimoja — ameokoka kiasi gani? Nani wa kumwuliza? Wote humu wanadhani najua.

Mwanangu yuko benchi la mbele. Hageuki. Nakiona kile kipara tu. Mtu akikohoa nyuma yake, anakifunika kwa kiganja.

Kwaya imekaa. Kiroboto ananivuta mkono: Babu, simama, wanakusubiri wewe!

Ndiyo kwanza mwanangu anageuka. Ananitazama. Anatikisa kichwa. Nisiseme kweli? Au nisiseme uongo? Uso wake siusomi, miwani nimeiacha kwenye koti, koti liko sandukuni, na kipaza sauti hiki hapa kimeshafika —