Sitini na Mmoja, Wote Mimi

Mwenzangu, nimejifungia chooni hapa kazini. Nimeaibika mpaka masikio yanawaka.

Unamkumbuka yule mama mwenye karakana ya vitanda, tunayemtangazia biashara mtandaoni? Tangu Jumatatu nilikuwa najaribu kama msimbo wa kompyuta unaohesabu wateja wanaoagiza kupitia tangazo unafanya kazi kwenye tovuti yake. Nabonyeza "Agiza", naangalia hesabu, nabonyeza tena.

Leo bosi kamwita kikaoni. Anamwambia kwa mbwembwe, "Mama, tangazo limekuletea watu sitini na mmoja!"

Sitini na mmoja! Ni mimi! Wote mimi!

Na juzi nilimwambia bosi afute majaribio yangu kwenye hesabu. Akanijibu, "Nimekusikia." Kanisikia wapi!

Mama wa watu kafurahi, akatoa simu awaite mafundi wawili waanze kazi kesho. Nikashindwa kunyamaza. "Samahani mama, hao wote ni mimi, nilikuwa najaribu."

Akauliza polepole, "Kwa hiyo hakuna hata mmoja?"

Hakuna hata mmoja.

Sasa bosi anagonga mlango. Eti nitoke nikamwambie mama nilichanganyikiwa.

Natoka. Lakini nikifika pale nasema vilevile.