Nilisema Niko Sawa

Mjukuu wangu Nafula,

Huku Likuyani tumeamka, ila mahindi yamenyauka na babu yako bado anakohoa. Picha ya mtoto wako nimeonyeshwa. Uliniuliza kama nami nililia nilipomzaa mama yako, na kama kilio chako hiki kitaisha chenyewe au uende kwa yule mshauri wa kliniki huko Mombasa.

Nililia. Wanawake walikuja na kuku, unga wa wimbi na nyimbo, wakanipita wakaenda kwa mtoto. Ni jirani mmoja tu, Mama Rasoa, aliyeketi kando yangu, akanishika miguu iliyovimba, akauliza, "Na wewe, unalalanga?" Mama mkwe wangu alikuwa karibu, anasikiliza. Nikajibu, "Niko sawa, mama." Mama Rasoa alinitazama sana, akaenda. Hakuna aliyeniuliza tena. Kilio hakikuisha, kiliingia ndani tu, nikazeeka nacho.

Linaloniuma zaidi ni hili. Ulipozaliwa wewe, nilipeleka kuku kwa mama yako huko Butali. Nilimkuta amekupakata, macho yake yako ukutani. Nikakuchukua mikononi mwake, nikaimba, nikala, nikarudi nyumbani. Sikumuuliza kitu. Mpaka leo tukikutana tunaongea habari za mvua.

Nenda kwa huyo mshauri. Sijui kama atakuponya. Jumapili nitapiga simu, na usinipe habari za mtoto kwanza. Nitakuuliza kama unalala. Tafadhali, usiniambie uko sawa.

Nyanya yako