Nilichomsomea Bibi

Kwa Kaka Po-hsun,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kwenye kambi ya jeshi, Kinmen, na kwamba ule upepo uliotuandikia habari zake haujakupasua midomo. Sisi hatujambo. Baba anang'oa vitunguu saumu, na mikono yangu inanuka hata darasani. Wenzangu wanajisogeza kando, nami najifanya nasoma.

Ninaandika kwa sababu ya Bibi. Unamkumbuka Ah-kim, yule mtangazaji wa redio anayeuza dawa za asili za unga kila alasiri? Ulipoondoka tu, Bibi akaanza kuzinywa. Miguu ikavimba, viatu vikamkataa. Daktari wa hospitali alisema figo zinachoka, unga uachwe mara moja. Alisema hayo akitazama kompyuta, kisha akamwita mgonjwa mwingine. Njiani Bibi aliniambia, "Yule mtoto hata uso wangu haujui. Ah-kim kila siku ananiuliza kama nimekula."

Nilimjibu kwamba Ah-kim anawauliza hivyo watu wote wa Yunlin kwa mpigo. Akacheka, akasema basi ana adabu kuliko mimi, ninayekula pua ikiwa kitabuni.

Nilikwenda maktaba ya shule, nikamnakilia kurasa tatu za kitabu kuhusu figo. Akataka kujua aliyeandika kitabu hicho ni mtoto wa nani. Sikujua. Swali hilo limeninyima raha, Kaka. Kumbe nami namwamini mtu nisiyemjua, kwa kuwa tu maneno yake yamepigwa chapa.

Mwishowe Bibi akasema atamuuliza mungu wetu Mazu. Tukaenda hekaluni, akapiga magoti, akarusha vile vipande viwili vyekundu vya mbao, akiuliza kama auache unga. Macho yake siku hizi yana ukungu, akaniambia nimsomee. Unajua desturi: kimoja kikionyesha ubapa na kingine mgongo uliobinuka, Mazu amekubali, na lazima akubali mara tatu mfululizo. Nikasema amekubali, mara zote tatu. Bibi aliuacha unga siku ileile. Sasa viatu vinaingia.

Sijamwambia mtu yeyote haya. Mara ya pili vipande vyote viwili vilionyesha mgongo. Mazu alikataa. Mimi ninayeona haya hata kumjibu mwalimu, nilisema uongo mbele ya madhabahu na sauti haikutetemeka.

Hilo ningelibeba. Lakini vipande huviokota Bibi mwenyewe, kwa kuvipapasa pale vilipolala, na vidole vyake havina ukungu. Mara ile ya pili aliipapasa migongo yote miwili, akavishika, akarusha tena.

Jana daktari wa hospitali alisema damu yake ianze kusafishwa kwa mashine. Daktari mwingine, wa mjini, anasema asubiri kwanza. Bibi ameniambia Jumapili twende tena hekaluni nimsomee. Nikamuuliza kwa nini asimchukue Baba, mwenye macho mazuri. Akasema, "Baba yako atasoma mbao tu."

Nimesoma kila ukurasa niliopata, na safari hii silijui jibu. Tafadhali omba ruhusa uje kabla ya Jumapili. Kama hawakupi, niandikie ungesema nini ungekuwa mimi.

Baba anakusalimu. Bibi naye anauliza kama umekula.

Mdogo wako,
Yun-chieh