Ngoma ya Susu Kalekye

Nuu, Jumapili, baada ya kanisa

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Habari za huko Kikima? Goti linaendeleaje, na ile dawa ya kupaka imesaidia? Mimi niko salama. Huku ni jua tu, na maji tunayafuata mbali, lakini afya iko. Nakuandikia kwa sababu haya yangenishinda kwenye simu.

Unajua watu wa makumbusho kule Kitui wanashirikiana na shule ninayofundisha. Walikuja na vitu vya zamani, watoto wakavishika na kuvichora, kisha kila mmoja akaambiwa atafute kwao kitu chenye historia, akichore, kionyeshwe mjini. Msichana mmoja wa Gredi ya Nane, Kasyoka, alichora ngoma ya nyanyake, ile ya kilumi ambayo akina mama walipiga wakiomba mvua. Ngozi ilipasuka zamani, siku hizi kuku hutagia ndani. Alimchora mpaka kuku.

Mzee Musyimi, mwenyekiti wa wazazi na mzee wa kanisa, aliuona mchoro kwenye mkutano. Hakufoka. Alisema tu kwamba vitu hivyo waliviacha walipookoka, na hataki watoto warudishwe huko. Mwalimu mkuu akaniambia niuondoe. Mwaitu, niliuondoa. Nikamwambia Kasyoka achore kibuyu. Hakulia. Aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia ndani ya daftari la hesabu, akachora kibuyu.

Kesho yake nyanya mwenyewe, Susu Kalekye, alifika shuleni na punda, ngoma imefungwa mgongoni mwa punda kwa kamba. Akaomba Mzee Musyimi aitwe. Tuliketi ofisini, wao wawili, mwalimu mkuu na mimi, nami nikajua watagombana. Susu alianza kwa kumuuliza Mzee habari za ng'ombe wake, ndipo akasema, "Musyimi, mwaka ule wa njaa mama yako aliipiga hii pamoja nami. Nikiificha, nitakuwa nimemficha na yeye."

Mzee alipitisha kidole kwenye ukingo wa ngoma, akatoa unyoya wa kuku. Kisha akaniuliza wataandika nini huko makumbusho. Nikamjibu kwamba wataandika tutakachowaambia.

"Basi andika tuliipiga tukiomba mvua," akasema. "Uandike pia kwamba baadaye tuliokoka. Yote mawili. Na jina la mama, Kavata, lisikosekane."

Nilimwomba Kasyoka msamaha mbele ya darasa lote. Mchoro wake ulipelekwa na mikunjo yake. Ngoma nayo iko Kitui, ingawa Susu aliwaambia wazi kwamba amewaazima, hajawapa. Siku ya maonyesho Kasyoka aliwaeleza wanafunzi wa shule nyingine kwa Kikamba, halafu kwa Kiswahili. Mimi nilisimama nyuma, sikuhitajika.

Sasa lile ninaloliogopa. Uhamisho wangu wa kuja karibu na nyumbani umekubaliwa. Najua ulivyouombea. Nimeandika kuomba nibaki hapa mpaka darasa hili limalize. Mtoto yule nilimwangusha mara moja, siwezi kumwacha njiani. Usinikasirikie.

Unisalimie kaka Mutua na mkewe, na shangazi anayeuza ndizi sokoni. Mchungaji mwambie huku pia niko kwaya.

Nikija likizo nina ombi moja. Sijawahi kukuuliza habari za mama yako, kwa sababu nyumbani hakuna aliyemtaja bila kushusha sauti. Niambie alikuwa mtu wa namna gani. Na kama kuna wimbo wake unaoukumbuka, niimbie, hata kama itakuwa jikoni, mlango umefungwa.

Binti yako anayekukumbuka,
Mutheu