Mvua Niliyoiomba Imembakiza Bwawani

Ijumaa, jioni. Ukungu umeingia hadi jikoni.

Mimi ni mke wa mtu. Huwa naiandika sentensi hii kila ninapofungua ukurasa huu, na kila mara inanipendeza upya. Mke wa Hatibu. Mwezi haujatimia tangu tufunge ndoa, hina ya miguuni bado haijafutika yote, na mume wangu ananipendeza hata akiwa na magamba ya samaki kwenye nywele. Nikiandika jina lake tu najikuta natabasamu peke yangu kama mtu aliyepungukiwa akili.

Lakini leo nataka kuandika ukweli. Nina upweke.

Hatibu ni mvuvi wa ndoana. Anavua perege na kambale kwenye bwawa lililo bondeni, upande wa Magoma, na nyumbani kwao ni huku juu, ukishapita Gare, kwenye mashamba ya kabichi. Mwanzo wa wiki anashuka, analala kambini na wenzake, mwisho wa wiki anapanda. Siku za fungate alikaa na mimi. Ya mwisho tuliimalizia nyuma ya jiko tukichimba minyoo ya chambo, yeye na jembe, mimi na kopo, na naapa sijawahi kuwa na siku tamu kama ile. Kesho yake akaondoka na kopo.

Mimi nimekulia Mombo, pale barabara kuu, ambako joto linawafanya hata kuku watembee midomo wazi. Mama yangu anakaanga samaki kwenye kibanda chake, na Hatibu alikuwa akimletea. Ndivyo tulivyojuana. Kutoka kwetu tulikuwa tunaona wingu limekaa juu ya milima, tunasema huko kwa Washambaa leo kunanyesha, kisha tunaendelea kujipepea. Sasa niko ndani ya lile wingu. Ukiwa ndani yake hulioni. Unachokiona ni nguo zisizokauka.

Kesho Jumamosi ndiyo siku yetu ya kwenda kuwaamkia wazazi wangu. Bibi harusi harudi kwao hovyo hovyo. Anangoja siku hiyo, anashuka na mume wake, wanapokelewa na kulishwa mpaka washindwe kuinuka. Akionekana mlangoni peke yake kabla ya hapo, majirani hawamuulizi habari za safari. Wanaulizana wenyewe kwa wenyewe amefukuzwa kwa kosa gani. Mama ameshanunua mchele. Shangazi zangu wameshaitwa. Kwa hiyo Hatibu alitakiwa awe hapa leo.

Na hapa ndipo inapoingia habari ya mvua.

Kabla ya Hatibu, kwangu mvua ilikuwa mvua tu. Yeye ndiye aliyenifundisha, kwa ile sauti yake ya chini ambayo ningeisikiliza hata kama angekuwa anasoma bei za mbolea. Mbingu zikiwa nzito na upepo ukatulia, samaki wanakula sana, kama wamepewa habari kwamba mvua iko njiani. Manyunyu nayo ni mazuri, maana uso wa maji unachezacheza na samaki hawamwoni mvuvi. Baridi ikishuka ghafla, wanazama chini na kukaa kama wagonjwa, chambo kinawapita puani na hawajali. Na mvua kubwa ikipiga, bwawa zima likawa rangi ya chai ya maziwa, perege haoni ndoana. Hapo wavuvi hukunja mishipi, wakarudi makwao.

Mimi nilishika hilo la mwisho tu. Mvua kubwa ikinyesha, mume wangu anarudi.

Basi juzi, baada ya swala ya alasiri, nikabaki kwenye mkeka nikaomba mvua. Sikuomba ya mazao wala ya visima. Niliomba mvua ya kumleta mtu mmoja.

Jana ikaja. Ilianza upande wa Lushoto, ikameza migomba, ikafika kwetu kwa kishindo. Kijito kilichopo nyuma ya nyumba kikaanza kunguruma. Nami nikaanza kufagia chumba, nikaosha kikombe chake ambacho kilikuwa safi tayari, nikakaa kuchambua maharage ya makande huku naimba. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye wawili tu Hatibu akiwa hayupo, alikuwa kwenye kigoda chake akinitazama.

"Mkwe, bati linavuja na wewe unaimba?"

"Mvua ni heri, mama."

"Heri ya nani? Kabichi zinaoza shambani."

Nikainamia maharage. Ningemwambiaje mama mzima kwamba kabichi zake zinaoza kwa ajili ya mapenzi yangu?

Leo kutwa nimekuwa mtu wa mlangoni. Kila bodaboda iliyopanda kilima nilitoka kuitazama. Nilivaa kitenge kipya, pindo lote likajaa matope. Mchana, watu walipotoka msikitini, simu ikaita. Hatibu. Na sauti yake ilikuwa ya furaha kupita kiasi.

"Mke wangu, mmetufanyia nini huko juu?"

Nikauliza kwani vipi.

Akasema bwawani halijadondoka hata tone. Mvua yote ilinyesha milimani. Lakini mito imeshuka na maji mekundu, yamezoa kumbikumbi, minyoo na funza wa mashambani kwetu. Pale mto unapoingia bwawani, maji mekundu yamekaa upande huu na maji safi upande ule, na kwenye mpaka wake samaki wamejazana wakingoja chakula. Ukitupa tu, mshipi unakaza. Kambale wa kubebwa begani.

Nilikaa chini kwenye kizingiti.

Mimi, mtoto wa Mombo. Maisha yangu yote nimetazama mvua ikinyesha mlimani huku shingo yangu imeungua kwa jua. Hakuna anayejua kuliko mimi kwamba mvua ya juu hainyeshi bondeni, inashuka kwa mto. Wiki chache ndani ya wingu zimenisahaulisha. Nimeomba mvua imrudishe, nayo imewapelekea samaki wake chakula.

"Maji haya yakishaenea bwawa zima, basi," akasema. "Ni leo na kesho tu. Kwa wazazi tunaweza kwenda Jumamosi nyingine, nitawapigia mwenyewe niwaombe radhi. Lakini sema wewe. Nikae au nipande?"

Nikasema, "Kaa tu, mume wangu. Mimi sina shida."

Nilisema kwa sauti nzuri kabisa. Nilitaka anione mke asiyesumbua.

Simu ilipokatika nikaenda jikoni kuchochea kuni mbichi, ili machozi yapate sababu. Mama mkwe akanifuata, akasogeza kigoda.

"Umemwambia akae?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini?"

"Samaki wanakula sana, mama."

"Na wewe umekula?"

Sikuwa nimekula. Akanipakulia makande mwenyewe, jambo ambalo lilinitia haya, akanikabidhi sahani, kisha akasema bila kunitazama:

"Baba yake Hatibu alikuwa kwenye mashamba ya mkonge, huko chini. Kila akiuliza nikae au nipande, mimi namwambia kaa tu, sina shida. Basi akawa ananiamini. Akaniamini mpaka watoto wakawa wanamwamkia kama mgeni." Akainuka, akajipangusa majivu. "Mwanangu si mganga wa kupiga ramli. Mwambie."

Nikatoka nje kwenye ukungu, mpaka kwenye jiwe ambako mtandao unapatikana vizuri. Nikampigia, hakupokea. Nikaandika ujumbe kuhusu mama yangu na mchele na shangazi na majirani watakavyosema. Nikausoma, nikaona wote ni shida za watu wengine, yangu haimo. Nikaufuta. Nikaandika: "Nilikudanganya. Nina shida. Nimekukosa mpaka nashindwa kula. Rudi."

Nikautuma kabla sijaufuta na huo.

Nimekaa pale muda mrefu, mabega yakalowa. Nilijua yuko kwenye mtumbwi na simu iko kambini. Nilijua pia kwamba samaki hawa hawatakuja tena hivi karibuni, na kwamba ninamwomba awaache.

Jibu limekuja magharibi ikiadhiniwa. Amewaachia wenzake mishipi yake. Ameshafika Magoma kwa miguu, magari ya leo yameisha, atalala kwa rafiki yake na kuondoka alfajiri. Anasema nishuke na mama yake asubuhi tukutane Mombo stendi, tuingie kwetu sote pamoja, yeye mbele. Mwisho akaandika: "Ungesema mchana, saa hizi ningekuwa nakula makande."

Mama mkwe nimemsomea. Amesema "haya," akaenda kutafuta viatu vyake vya safari.

Nimefurahi, na bado nina upweke. Sikujua kwamba vitu hivi viwili vinaweza kukaa kwenye kifua kimoja. Mimi ninayemtaja Hatibu kutwa kucha, kwa kabichi na kwa kuku, kwa nini neno hilo moja la kumwambia arudi lilinishinda?

Ninalala peke yangu tena leo, nimejibana upande wa ukutani, upande wake nimeuacha wazi.